Mkimbizi Asikilizwe Kwanza

Hotuba iliyosomwa mbele ya waumini, Mkiwa, mkoani Singida





Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, aliyetukutanisha leo katika hali ya amani. Amani hii tumeizoea kiasi kwamba mara nyingi tunasahau kuishukuru. Tunalala usiku, tunaamka alfajiri kwa Sala, tunakwenda mashambani, na jioni tunawakuta watoto wetu nyumbani. Wapo wanadamu wenzetu, wengine si mbali sana na sisi, ambao neema hiyo wameikosa. Habari yao ndiyo tunayotaka kuizungumza leo, pamoja na taratibu ambazo serikali huziweka kwa ajili ya watu wanaoingia nchini kwa kukimbia vita.

Huenda mtu akauliza: Mkiwa na wakimbizi wapi na wapi? Kambi ziko Kigoma, mipaka iko mbali, nasi hapa shughuli zetu ni alizeti, mtama na mifugo. Jibu ni kwamba Mkiwa ni njia panda. Barabara itokayo Manyoni kwenda Singida, hapa ndipo inapoachana na ile iendayo Itigi, Rungwa na Makongolosi hadi Mbeya. Reli ya Kati, itokayo Kigoma kwenda Dar es Salaam, inapita Itigi na Manyoni, majirani zetu. Kwa hiyo anayetoka magharibi kwenda pwani, na anayetoka kaskazini kwenda kusini, aweza kupita karibu na milango yetu. Tena neno mkiwa katika Kiswahili ni jina la mtu aliyebaki peke yake, asiye na jamaa wala msaada. Hatusemi kwamba kijiji kilipewa jina kwa sababu hiyo. Tunasema tu kwamba watu wa Mkiwa wasingepaswa kushindwa kumtambua aliye mkiwa.

Neno letu la leo ni moja. Mtu anayesema, "Nimekimbia vita," ana haki ya kusikilizwa kabla hajarudishwa alikotoka. Haki hiyo imo katika dini yetu, imo katika sheria ya nchi yetu, na mara nyingi mlinzi wake wa kwanza ni mwanakijiji wa kawaida.

MFALME ALIYESIKILIZA

Sote twajua habari ya Waislamu wa mwanzo waliohamia Habasha, yapata mwaka 615 wa kalenda ya Masihi, wakikimbia mateso ya Makka. Walikuwa wachache, hawakuwa na jeshi wala mali. Maquraishi hawakuridhika kuona wametoka salama. Wakawatuma wajumbe wawili, mmoja wao Amr bin Al-As, wakiwa na zawadi za ngozi kwa ajili ya Mfalme Najashi na wakubwa wa baraza lake. Wajumbe waliwaendea kwanza wakubwa, wakawapa zawadi, wakawaomba wamshauri mfalme awatoe wakimbizi wale bila kuwahoji.

Tulitazame kwa makini ombi hilo. Wajumbe hawakuogopa nguvu za wakimbizi, kwa maana hawakuwa nazo. Waliogopa maneno yao. Walijua kwamba wakimbizi wakisikilizwa, shauri litageuka.

Najashi, aliyekuwa Mkristo, alikataa kuwatoa watu waliokuja kutafuta ulinzi wake kabla hajawaita na kuwasikia wenyewe. Akamsikia Ja'far bin Abi Talib akieleza yaliyowapata. Baada ya kusikia pande zote mbili aliwaruhusu kukaa katika nchi yake kwa amani, na zawadi za Maquraishi akazirudisha.

Hapa kuna mafunzo mawili. La kwanza, mfalme hakuwakubali kwa sababu ya machozi tu. Aliwahoji, akapima maneno yao. Serikali yoyote inayo haki ya kumhoji anayeingia katika nchi yake. La pili, hakuwakataa kwa sababu ya zawadi, wala kwa ajili ya kulinda urafiki wake na Makka. Kuhoji kulitangulia, hukumu ikafuata.

Qur'ani Tukufu nayo, katika Sura At-Tauba, aya ya sita, inaamrisha kwamba hata mshirikina akiomba ulinzi katika wakati wa vita, apewe ulinzi huo, apate kusikia, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Ikiwa hali ni hiyo kwa mtu wa upande wa adui, itakuwaje kwa mama aliyekimbia na watoto wake, asiye adui wa yeyote?

NCHI YETU ILIVYOWAPOKEA WATU

Ndugu wasikilizaji, nchi yetu inayo historia ndefu katika jambo hili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapolandi waliotawanywa na vita huko Ulaya waliletwa Tanganyika na kuwekwa katika makambi. Kubwa lilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, ambako makaburi yao yapo mpaka leo. Jingine lilikuwa Kondoa, jirani zetu. Basi asidhani mtu kwamba ukimbizi ni msiba wa Waafrika peke yao. Wakati ule Wazungu walikuwa wakimbizi, na ardhi hii ikawa kimbilio lao.

Baada ya Uhuru walikuja Wanyarwanda, waliokuwa wameanza kukimbia tangu mwaka 1959. Wakaja wapigania uhuru wa Msumbiji na wa nchi nyingine za kusini. Mwaka 1972, kutokana na mauaji makubwa nchini Burundi, Warundi wengi waliingia kwetu. Serikali ikawapa ardhi ya kulima katika makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Katavi. Mapori yale yakawa mashamba, na wakimbizi wakawa walipa kodi. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen, ambayo Umoja wa Mataifa huitoa kwa wanaotumikia wakimbizi.

Kilele cha historia hiyo kilifikiwa pale Warundi wale wa mwaka 1972 pamoja na watoto na wajukuu wao walipoulizwa kama wanataka kurudi kwao au kubaki. Wengi walichagua kubaki. Zaidi ya watu 162,000 walikubaliwa kupewa uraia wa tajnisi, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014. Ni nchi chache sana duniani zilizowahi kuwapa uraia wakimbizi wengi namna hiyo kwa mara moja.

MLANGO ULIPOANZA KUREJESHWA

Lakini ni lazima tuseme ukweli wote. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa saa ishirini na nne tu. Hebu fikirini jambo hilo. Wilaya nzima iliamka ikakuta jiji jipya la watu wasio na chakula, maji wala vyoo. Miti ilikatwa kwa kuni, vyanzo vya maji vikachafuka, na miongoni mwa waliokimbia walikuwamo pia waliofanya mauaji, wakiwa wamejificha nyuma ya wanyonge. Wenyeji wa Kagera na Kigoma walipata hasara ya kweli, na malalamiko yao hayakuwa ya uongo.

Machi 1995 serikali ilifunga mpaka. Desemba 1996 ikatangazwa kwamba Wanyarwanda wote waliomo makambini wawe wamerudi kwao kabla ya mwaka kwisha, na watu karibu nusu milioni wakarudishwa, askari wakisimamia misafara. Wengi wao walirudi kwenye nchi iliyokuwa imeanza kutulia. Lakini hawakuhojiwa mmoja mmoja. Aliyekuwa na sababu ya haki ya kuogopa na asiyekuwa nayo walitembea katika msafara mmoja. Hilo ndilo lililokosekana.

Linganisheni na yaliyotokea baadaye katika kambi ya Mtabila, Wilaya ya Kasulu. Kabla kambi hiyo haijafungwa mwaka 2012, Warundi waliokuwamo walihojiwa. Wengi walionekana kwamba hawahitaji tena ulinzi, na wapatao 35,000 wakarudishwa kwao mwishoni mwa mwaka ule. Wachache walionekana kuwa bado wana sababu, wakaachwa wabaki. Hata hapo yalikuwapo manung'uniko, kwa maana hakuna anayependa kuhama kwa kuamriwa. Hata hivyo wale wachache waliokolewa na kitu kimoja tu: waliulizwa, na majibu yao yakapimwa.

Mwaka 2015 machafuko yalizuka tena Burundi. Maelfu ya watu walirundikana Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikawapata hapo. Meli kongwe ya Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini. Mwanzoni Warundi wote walipokewa kwa pamoja kama wakimbizi, bila kila mmoja kuhitaji kuthibitisha habari yake. Januari 2017 utaratibu huo ulikomeshwa, ikawa kila anayeingia ahojiwe peke yake. Mwaka uliofuata serikali ilijitoa katika mpango mpya wa kimataifa wa kushughulikia wakimbizi, ikitaja usalama wa nchi na uhaba wa fedha walizoahidi wafadhili.

Twaelewa sababu hizo. Nchi tajiri huahidi mengi na kutoa machache, na mzigo humwelemea jirani maskini. Tena kumhoji mtu mmoja mmoja si dhuluma, Najashi alihoji. Dhuluma huingia pale mahojiano yanapokuwa jina tu, yaani mtu anapofika mpakani na kukuta hakuna wa kumuuliza, au anapoulizwa huku jibu limekwisha kuandikwa.

SHERIA YA NCHI INASEMAJE

Wengi wetu hatujui kwamba sheria yetu wenyewe imekitaja kijiji. Sheria ya Wakimbizi Na. 9 ya mwaka 1998, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1965, inamtaka mtu aliyeingia nchini kutafuta hifadhi ajitokeze katika muda wa siku saba mbele ya ofisa mwenye mamlaka aliye karibu, au Ofisa Mtendaji wa Kijiji, au Mlinzi wa Amani, aombe kutambuliwa kuwa mkimbizi. Tena inasema kwamba mtu wa namna hiyo asifungwe wala kuadhibiwa kwa sababu tu ya kuingia bila kibali. Maombi yake hufikishwa mbele ya kamati ya taifa ambayo humshauri Waziri wa Mambo ya Ndani.

Busara ya sheria hii iko wazi. Anayekimbia risasi hana nafasi ya kwenda kuomba pasi ya kusafiria. Serikali iliyomnyima amani haitampa karatasi nzuri za kuondokea. Kwa hiyo kumkuta hana karatasi si ushahidi kwamba ni mhalifu. Aidha, Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ulipanua maana ya mkimbizi, ukamwingiza pia anayekimbia uvamizi, vita na machafuko makubwa katika nchi yake, hata kama hakuna aliyemtafuta yeye kwa jina. Mkataba huo ukasema kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu, na nchi aliyotoka haipaswi kuliona kuwa ni uadui.

Sheria hiyohiyo inayo masharti magumu kwa mkimbizi. Hana budi kukaa katika eneo alilopangiwa. Akitaka kutoka nje ya kambi yampasa awe na kibali, na akikutwa nje bila kibali anakuwa ametenda kosa. Wapo wanaoona masharti hayo ni makali, wakitoa mfano wa Uganda, ambayo kwa sheria yake ya mwaka 2006 huwaruhusu wakimbizi kutembea na kufanya kazi, na huwagawia wengi wao vipande vya ardhi. Nasi Watanzania tulikwisha kuona huko Katumba na Mishamo kwamba mkimbizi akipewa jembe hujilisha mwenyewe. Ni haki yetu raia kuyasema hayo kwa adabu, kwa kupitia wawakilishi wetu. Lakini maadamu sheria ipo, Mwislamu hufuata sheria ya nchi anamoishi, na haendi kuivunja kisirisiri kwa kisingizio cha huruma.

Tusidhani pia kwamba kasoro hizi ni za Afrika peke yake. Nchi za Umoja wa Ulaya zilitunga mwaka 2001 sheria ya kuwapokea kwa pamoja watu wengi wanaokimbia vita. Sheria ile ikakaa kabatini zaidi ya miaka ishirini. Wasiria walipokimbia kwa wingi mwaka 2015 haikutumika, na wengi wakafa maji baharini. Machi 2022, Waukraini walipokimbia vita, ikatumika kwa mara ya kwanza, na mamilioni wakapata ruhusa ya kukaa, kufanya kazi na kusomesha watoto. Walichotendewa Waukraini kilikuwa chema na cha haki. Funzo lake ni kwamba mlango hufunguka pale wenye nyumba wanapoamua kusikia.

WAJIBU WETU HAPA MKIWA

Sasa, ndugu zangu, tuje kwetu. Mathalani lori linaharibika hapa njia panda usiku, na watu wanne wanateremka, Kiswahili chao ni cha lafudhi nyingine, mmoja amebeba mtoto. Tutafanya nini?

Kwanza, tusiwafukuze na tusiwafiche. Tuwape maji, chakula na mahali pa kuketi, kisha asubuhi tuwapeleke kwa Mtendaji wa Kijiji kwa wema, tukikumbuka zile siku saba. Twende nao sisi wenyewe, tusiwaelekeze njia kwa kidole tu, kwa maana mgeni asiye na mwenyeji hunyamaza hata pale maneno yake yangemwokoa. Ikiwa wao ni wakimbizi waliokwisha kutambuliwa na wametoka kambini bila kibali, tuwaambie wazi hatari iliyopo, na tusiwadanganye kwamba mambo yatakuwa mepesi.

Pili, tusile jasho lao. Ni rahisi kumweka mtu asiye na karatasi shambani, akalima na kuvuna kwa ujira wa chakula tu, na siku ya kudai malipo akatishiwa kuitiwa polisi. Kufanya hivyo ni haramu, hata kama mwenye shamba anajiita mfadhili.

Tatu, tusishirikiane na wanaosafirisha watu kwa siri. Mwezi Juni 2012, miili zaidi ya 40 ya vijana wa Ethiopia ilikutwa imetupwa porini wilayani Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma tunaopakana nao. Walikosa hewa ndani ya lori. Huenda wengi wao walikuwa wakitafuta maisha, na hawakukimbia vita. Hata hivyo kila mmoja wao alikuwa na mama yake. Anayepokea fedha ili anyamaze lori kama hilo linapopita, fedha hiyo ni bei ya roho za watu.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, tuchunge ndimi zetu. Miongoni mwa Watanzania wenzetu wapo ambao babu zao walitoka Burundi, Rwanda au Kongo, nao leo ni raia kwa kuzaliwa au kwa cheti cha tajnisi. Unapotokea ugomvi wa shamba au wa biashara, hutokea mtu akasema, "Yule si mwenzetu," na neno hilo likapelekwa ofisini. Kutoka hapo mtu anaweza kutengwa na watoto wake na kuvushwa mpaka wa nchi asiyoijua. Qur'ani Tukufu katika Sura Al-Hujurat, aya ya sita, inatuonya tuchunguze kwanza habari tunayoletewa, tusije tukawadhuru watu bila kujua. Basi tukiitwa kutoa ushahidi juu ya uraia wa jirani, tuseme tunalolijua, na tusilolijua tuseme hatulijui. Wajumbe wa Makka walitaka watu wahukumiwe bila kusikilizwa. Tusijifanye sisi kuwa wajumbe hao katika kijiji chetu.

Tano, tukumbuke kwamba msafiri aliyekatikiwa njiani ni mmoja wa watu wanane wanaostahili Zaka. Kila msikiti ukitenga kitu kidogo kwa ajili yake, hatutakuwa tukihangaika kutafuta blanketi siku atakapofika.

MWISHO

Ndugu wapenzi, vita havijakwisha. Mwaka 2025 tulisikia Goma na Bukavu zikitekwa, na watu wa Kongo wakihama tena, wengine wakiwa wamehama mara nyingi kabla ya hapo. Serikali zitaendelea kufungua milango na kuirejesha, kwa sababu nyingine nzuri na nyingine mbaya. Sisi hatutungi sheria hizo. Lakini kati ya mpaka na Dar es Salaam viko vijiji vingi, na katika kila kijiji yupo mtu wa kwanza atakayekutana na mkimbizi. Sheria imempa mkimbizi siku saba. Siku ya kwanza kati ya hizo yaweza kuwa hapa Mkiwa, mikononi mwetu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aidumishe amani ya nchi yetu, awape viongozi wetu masikio ya kusikia na mioyo ya kuhukumu kwa haki, awarudishe makwao kwa salama wote waliotawanywa na vita, na atujaalie sisi tusiwe sababu ya mtu yeyote kukosa kimbilio. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.